Mbiu Isiyonyamaza: Jinsi Seli za Mwili Zinavyoasi na Kuwa Saratani

Wakulima wa mpunga wa delta ya Rufiji wanaifahamu tabia ya maji kuliko watu wengi. Maji yakija kwa kiasi na kwa wakati wake, mpunga hustawi na familia hupata chakula. Yakija bila kipimo, huzoa shamba, dungu na ghala kwa pamoja. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kipimo na wakati.

Ukuaji wa mwili wa binadamu una tabia kama hiyo. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30, na kila siku mabilioni ya seli hizo hufa na nafasi zao kuchukuliwa na nyingine. Mtoto hukua, kidonda hufunga, nywele hurefuka, damu hujengwa upya. Yote hayo hutokea kwa sababu seli hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Lakini mgawanyiko huo hauachwi ujiendee wenyewe. Seli ya mwili yenye afya haigawanyiki mpaka iagizwe, na agizo likikoma nayo huacha. Saratani ni hali ambayo seli imeanza kugawanyika bila agizo, au imeshindwa kusikia kwamba agizo limekoma.

Makala haya yanaeleza agizo hilo ni nini, hupita njia gani, na huharibikaje. Mfano utakaotumika ni ugonjwa ambao sayansi iliutambua kwanza katika Afrika Mashariki, na ambao mazingira yanayoustawisha ni yale ya joto, mvua na malaria, kama yalivyo mazingira ya Rufiji na Kibiti. Ugonjwa huo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto.

Mbiu, mlango na matarishi

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika mwili, mbiu hiyo ni protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Mtu akijikata kidole kwa panga, seli za damu na za ngozi zilizo karibu na jeraha hutoa vichocheo hivyo, navyo husambaa katika majimaji yaliyo baina ya seli. Kimojawapo, kichocheo cha ukuaji wa ngozi, kiligunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani. Yeye na mwenzake Rita Levi-Montalcini wa Italia, aliyegundua kichocheo cha ukuaji wa neva, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kichocheo hakiingii ndani ya seli. Hubisha hodi tu. Katika utando wa nje wa seli mna protini ziitwazo vipokezi, ambazo kichwa chake kiko nje na mkia wake uko ndani. Kila kipokezi hutambua kichocheo chake, kama kufuli litambuavyo ufunguo wake. Kichocheo kikishika vichwa vya vipokezi, vipokezi viwili hukaribiana na kuungana. Kuungana huko huiamsha mikia iliyo ndani, nayo hubandikana alama za kikemikali ziitwazo fosfati. Alama hizo ndizo ushahidi, kwa upande wa ndani, kwamba kuna mtu mlangoni.

Kuanzia hapo ujumbe hupokezanwa na matarishi. Wa kwanza miongoni mwao ni protini ndogo iitwayo RAS, iliyoegemea ukuta wa ndani wa seli. RAS ni mfano wa swichi: ina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika. Ikipata habari kutoka kwenye kipokezi huwaka, na ikiwaka huamsha kimeng'enya kinachoamsha cha pili, nacho cha pili huamsha cha tatu. Kwa kuwa kila tarishi mmoja huwaamsha wengi, ujumbe mdogo uliofika mlangoni huwa mkubwa unapofika kwenye kiini cha seli, mahali zinapohifadhiwa jeni.

Ndani ya kiini ujumbe hukutana na wasimamizi wa jeni. Mmoja wao anahusika sana na habari hii. Ni protini iitwayo MYC, ambayo kazi yake yafanana na ya nyapara wa shamba kubwa: huziamsha jeni nyingi kwa pamoja na kuzigawia kazi. Hizi zitengeneze protini, zile ziandae malighafi, nyingine zinakili jeni zote za seli ili pawe na nakala mbili. Baada ya saa chache seli huwa tayari kugawanyika.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi mpango huu ulivyowekewa vizuizi. RAS ikishawaka hujizima yenyewe baada ya muda mfupi. Protini ya MYC haidumu. Nusu yake huvunjwavunjwa katika muda wa nusu saa hivi. Hata kipokezi kilichopokea ujumbe humezwa ndani ya seli na mara nyingi huvunjwa. Kwa hiyo seli inayotaka kuendelea kugawanyika sharti ipate mbiu mpya kila mara. Mbiu ikinyamaza, nyapara hutoweka na kazi husimama. Kidonda kikishafunga, ngozi haiendelei kuota.

Kuku aliyefungua mlango wa elimu

Mwaka 1911 Peyton Rous, mtafiti wa New York, alitangaza kwamba aliweza kuhamisha saratani kutoka kuku mmoja hadi mwingine kwa kutumia majimaji ya uvimbe yaliyochujwa hata yasibaki na seli hata moja. Kilichopita katika chujio kilikuwa virusi. Wataalamu wengi hawakuyatilia maanani matokeo hayo, na Rous alisubiri hadi mwaka 1966 kupewa Tuzo ya Nobel.

Baadaye ilibainika kwamba virusi vile vilikuwa na jeni moja iliyotosha kuiasisha seli. Jeni ya namna hiyo huitwa onkojeni, yaani jeni chochezi ya saratani. Swali likawa: virusi viliipata wapi? Mwaka 1976 Michael Bishop, Harold Varmus na wenzao katika California walitoa jibu ambalo wengi hawakulitazamia. Jeni ile haikuwa ya virusi kwa asili. Ilikuwa jeni ya kawaida ya kuku, ambayo virusi viliichukua hapo zamani. Jeni za jinsi hiyo zimo katika wanyama wengi na katika binadamu. Kwa kazi hiyo Bishop na Varmus walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989.

Maana ya ugunduzi huo ni nzito. Mbegu ya saratani haitoki mbali. Imo ndani ya jeni zile zile zinazomwezesha mtoto kukua na jeraha kupona. Jeni zinazotengeneza vichocheo, vipokezi, matarishi na wasimamizi zikiwa na afya ni watumishi. Zikiharibika kwa namna fulani huwa waasi.

Uharibifu huo huja kwa njia zaidi ya moja, na kila daraja la mpango ulioelezwa hapo juu lina udhaifu wake. Mwaka 1983 ilionekana kwamba onkojeni ya virusi fulani vya nyani ilitokana na jeni ya kichocheo cha ukuaji: seli iliyo na onkojeni hiyo hujipigia mbiu yenyewe. Katika saratani za matiti, takriban 15 hadi 20 kwa kila 100 huwa na nakala nyingi mno za jeni ya kipokezi kiitwacho HER2, hata seli ikajaa milango na kusikia hodi pasipo mgeni. Mwaka 1982 maabara kadhaa za Marekani zilionyesha kwamba katika saratani moja ya kibofu cha mkojo, herufi moja tu ya jeni ya RAS ilikuwa imebadilika. Badiliko hilo la herufi moja liliiondolea RAS uwezo wa kujizima. Swichi ikawashwa na kukwama.

Lakini kuna njia nyingine ambayo hata herufi za jeni hazihitaji kubadilika kwanza. Jeni huhama makazi. Ili kuieleza njia hiyo, hapana budi kwenda Kampala.

Ugonjwa uliotambuliwa Afrika Mashariki

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jambo hilo halikulingana na jipu wala na saratani aliyoijua. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt akapekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Makerere, akiwemo Gregory O'Conor na Jack Davies, walithibitisha kwamba ulikuwa saratani ya seli za tezi za kinga, yaani limfoma.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walifunga safari kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika na nchi za kusini yake, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wenye uvimbe huo walionekana. Walipoyaweka majibu kwenye ramani, picha ilijitokeza. Ugonjwa ulienea katika nchi za joto na mvua nyingi, na ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Aidha, kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo ulivyobaki katika nchi za chini zaidi. Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, alitambua kwamba ramani hiyo ilifuata mipaka ya joto na mvua inayofuatwa pia na magonjwa ya mbu.

Kwa msomaji wa Rufiji na Kibiti ramani hiyo si jambo la mbali. Delta yenye mikoko, mabonde yanayofurika, joto la mwaka mzima na malaria ambayo kwa vizazi vingi imekuwa ugonjwa wa kila nyumba: hizo ndizo sifa za nchi ambazo Burkitt alizipaka rangi.

Naye Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi aliyemsikiliza Burkitt akihutubu London mwaka 1961, alianza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Kipande kimojawapo kilichelewa kwa sababu ya ukungu uliofunika London, ndege ikageuzwa hadi Manchester. Kilipofika, maji yake yalikuwa na utusitusi kama yaliyooza. Yalipotazamwa kwa darubini, utusitusi ule ulikuwa seli za uvimbe zilizokuwa hai na kuelea. Kutokana na seli hizo Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona mwaka 1964 virusi ambavyo leo huitwa vya Epstein-Barr. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kromosomu ya 8 yahama makazi

Jeni za binadamu zimepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu, jozi 23 kwa kila seli. Mwaka 1972 watafiti waliokuwa Sweden waliona kwamba katika seli za limfoma ya Burkitt, kromosomu ya 14 ilikuwa na kipande cha ziada. Mwaka 1976 ikabainika kipande hicho kilitoka wapi: kilikatika kutoka kromosomu ya 8. Kromosomu mbili zilikuwa zimekatika na kuungwa kimakosa, kila moja ikipokea kipande cha mwenzake.

Mwaka 1982 vikundi mbalimbali vya watafiti viligundua kilichokuwamo katika kipande kile cha kromosomu ya 8. Kilikuwa jeni ya MYC, nyapara yule yule.

Na mahali ilipopelekwa palikuwa wapi? Saratani hii huanzia katika seli nyeupe za damu aina ya B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili za kupambana na maradhi. Katika seli za aina hiyo, hakuna sehemu iliyo na kazi nyingi kuliko jeni za kingamwili. Ziko katika kromosomu ya 14, na nyingine katika kromosomu ya 2 na ya 22. Wagonjwa wengi, takriban 8 kati ya 10, wana mabadilishano baina ya kromosomu ya 8 na ya 14. Waliobaki wana mabadilishano baina ya 8 na 2, au 8 na 22. Kromosomu tatu tofauti, lakini katika zote mahali pa kuungia ni jirani na jeni za kingamwili. Haikuwa rahisi kudai tena kwamba jambo hilo ni bahati nasibu.

Mkulima wa delta ataelewa upesi. Chukua jaruba lililokuwa likipata maji kwa zamu, kwa mfereji wenye kizuizi. Likihamishiwa ukingoni mwa mto mkuu halitangoja zamu tena. Jeni ya MYC katika makazi yake ya asili hufunguliwa mbiu inapolia na kufungwa inaponyamaza. Ikihamia jirani na jeni za kingamwili, huchochewa na nguvu ile ile inayozichochea jeni hizo, mchana na usiku. Nyapara haondoki tena. Seli inaagizwa kugawanyika wakati wote, hata kama hakuna kichocheo kilichobisha hodi.

Kwa nini nyapara peke yake hatoshi

Mwili haukosi ulinzi. Seli inaposukumwa mno na MYC bila vichocheo vingine kuiunga mkono, huingiwa na dalili za hatari na kujiua yenyewe. Kifo hicho ni cha mpango, na miongoni mwa wanaokisimamia ni protini iitwayo p53. Kwa sababu hiyo jeni ya MYC iliyohama makazi haitoshi kuleta saratani. Sharti pia kifo kizuiwe.

Hapo ndipo virusi vya Epstein-Barr vinapopata nafasi. Virusi hivyo huenea kwa mate na huishi katika seli za B maisha yote ya mtu. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo, na walio wengi mno hawadhuriki. Lakini virusi hivi, kwa manufaa yao wenyewe, hutengeneza vitu vinavyosaidia seli vilimokaa isife upesi. Seli ya B yenye virusi huweza kustahimili msukumo wa MYC ambao seli nyingine ungeiua. Katika wagonjwa wengi huonekana pia madhara mengine, kwa mfano kuharibika kwa p53. Saratani, basi, ni mkusanyiko wa makosa: moja hukanyaga mafuta, jingine hukata breki.

Kwamba virusi hutangulia ugonjwa kulithibitishwa Uganda. Katika miaka ya 1970 damu ya watoto wapatao 42,000 wa eneo la West Nile ilichukuliwa na kuhifadhiwa, kisha watoto wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Wale waliopatwa na limfoma baadaye walikuwa, hata kabla ya kuugua, na kiasi kikubwa cha kingamwili dhidi ya virusi hivyo kuliko wenzao.

Malaria inaingiaje

Likabaki swali: ikiwa virusi vimeenea dunia nzima, kwa nini ugonjwa umejaa katika nchi za malaria?

Vimelea vya malaria huisumbua kinga ya mwili bila kikomo. Mtoto anayeumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, seli zake za B huitwa kazini mwaka mzima. Seli hizo, zinapojifunza kutengeneza kingamwili bora, hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kuzikata na kuzibadilisha jeni za kingamwili. Ni kazi ya hatari, mfano wa mtu anayechonga mtumbwi kwa tezo kali: akichonga siku moja hana neno, akichonga usiku na mchana bila kupumzika, siku moja atajikata. Mara chache kimeng'enya hicho hukata mahali pasipostahili, na mojawapo ya mahali hapo ni jeni ya MYC. Ncha mbili zilizokatika karibu karibu zikiungwa kimakosa, jeni imehama.

Papo hapo malaria hudhoofisha seli za ulinzi ambazo kwa kawaida huvidhibiti virusi vya Epstein-Barr, na idadi ya seli za B zenye virusi huongezeka. Kwa hiyo malaria hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huongeza mikato, na huongeza seli zinazoweza kuistahimili mikato hiyo.

Tanzania ilichangia kulichunguza jambo hili. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika Mara ya Kaskazini, watoto wadogo walipewa dawa ya klorokwini kwa utaratibu ili kupunguza malaria, na idadi ya wagonjwa wa limfoma ikahesabiwa. Idadi hiyo ilipungua wakati wa mradi na kupanda tena baadaye. Hata hivyo ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kutolewa, na vimelea navyo vilianza kurudi mradi ungali unaendelea; hivyo watafiti hawakudai kwamba wamepata uthibitisho kamili. Matokeo yaliuelekeza ushahidi upande mmoja bila kuufunga mjadala.

Silaha na wakati

Limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote za binadamu. Takriban seli zake zote huwa katika shughuli ya kugawanyika, na idadi yake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja hadi tatu. Hesabu yake ni rahisi. Uvimbe wa gramu moja una seli zipatazo bilioni moja. Ukiongezeka maradufu mara 10 hufikia takriban kilo moja. Kwa maradufu ya siku mbili, hizo ni siku 20. Katika mwili hesabu haiendi sawasawa hivyo, maana seli nyingi hufa njiani. Lakini inaonyesha kwa nini ugonjwa huu haupimwi kwa miezi, bali kwa siku na wiki.

Katika kasi hiyo hiyo mna udhaifu wa adui. Dawa kama saiklofosfamaidi hushambulia jeni za seli inayogawanyika, na seli ambayo haipumziki haipati nafasi ya kujitengeneza. Burkitt na wenzake waliona, katika miaka ya 1960, uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siku chache baada ya dozi ndogo. Mwaka 1967 kilianzishwa huko Kampala kituo maalumu cha tiba ya limfoma, kilichokuja kuwa taasisi ya saratani ya Uganda. Siku hizi dawa kadhaa hutumiwa pamoja, na katika nchi zenye huduma kamili karibu watoto 9 kati ya 10 hupona. Mahali ambapo wagonjwa hufika wamechelewa, dawa hukatika au matibabu huachwa katikati, idadi hiyo hushuka sana. Hata uyeyukaji wenyewe una hatari, kwa kuwa mabaki ya seli zilizokufa kwa wingi huweza kuziba figo. Ndiyo maana tiba hii hutolewa hospitali, pamoja na maji mengi na vipimo vya damu.

Elimu ya mbiu na matarishi imezaa pia dawa za namna nyingine. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huziba kipokezi cha HER2. Imatinib, iliyoidhinishwa mwaka 2001, humzima tarishi mmoja aliyekwama katika aina moja ya saratani ya damu, na ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache sasa wengi huishi nao kwa kumeza vidonge. Lakini MYC haina umbo lenye tundu la kushikwa kwa urahisi na dawa, na hadi leo nyapara huyo anaendelea kuwashughulisha watafiti.

Lililo mikononi mwa wananchi

Mtoto wa kati ya miaka 4 na 10 anayelegea meno yasiyo ya wakati wake, anayevimba taya au jicho kwa haraka, au anayeota uvimbe tumboni, hastahili kungojewa. Mara nyingi jino lililolegea hung'olewa, nalo taya huzidi kuvimba. Mara nyingine uvimbe huhesabiwa kuwa jipu, au kuwa jambo la kurogwa, na wiki mbili hupita katika uaguzi. Kwa familia ya kijiji cha ndani ya delta, kufika zahanati kwa mtumbwi, kisha Kibiti, kisha Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilomita 100 mbali, ni gharama kubwa hata pasipokuwa na ucheleweshaji huo. Matibabu ya saratani za watoto yapo Muhimbili. Uvimbe haungoji mavuno.

Kuhusu kinga, njia iliyo karibu zaidi ni kupambana na malaria. Rufiji ina historia katika vita hivyo: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kaya za wilaya hiyo zimekuwa zikihesabiwa na kufuatiliwa na watafiti wa afya, na miaka ya mwanzo ya 2000 matumizi ya dawa mseto za malaria yalijaribiwa huko. Bagamoyo, katika mkoa huo huo wa Pwani, ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyozipima chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023. Chandarua kinachofungwa juu ya kitanda, au ndani ya dungu wakati wa kulinda ndege shambani, hakizuii homa peke yake. Kinazipa mapumziko seli za B za mtoto, na kwa njia hiyo hupunguza nafasi ya tezo kuteleza.

Jeni ya MYC haiwezi kuondolewa mwilini, na hakuna anayetaka iondolewe, kwa maana bila yake mimba haikui. Kilicho ndani ya uwezo wa binadamu ni kuyapunguza yale yanayoihamisha kutoka mahali pake, na kumwahi mtoto pale inapokuwa imekwisha kuhama.